Namba ya Mtu wa Kupigiwa

3 Machi

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Mafua yamekuachia? Sisi wazima. Mama ni magoti tu, na mimi siumwi kitu ila roho.

Naandika kwa sababu kwa simu tutagombana, na vocha itaisha kabla sijafika kwenye neno lenyewe.

Juzi manispaa wametuletea kidude. Ni mradi wa wazee. Kimebandikwa darini chumbani kwa mama, kama kisahani cheupe. Hakipigi picha, nimewauliza mara mbili. Kinahisi mwili unavyotembea, na mtu akianguka kinapiga simu kwa ndugu. Ndugu akibonyeza moja, gari la wagonjwa linakuja. Kitu kizuri, sikatai. Yule mzee jirani yetu angekuwa nacho asingelala sakafuni kutwa nzima.

Sasa fundi akauliza, "Namba ya mtu wa kupigiwa?" Nimefungua mdomo, mama kaniwahi: "Andika ya mwanangu mkubwa." Fundi akasema anaweza kuandika mbili. Mama akamjibu, "Hiyo moja inatosha." Na mimi nimesimama palepale, ndoo yake ya kuogea mkononi!

Nimekaa na donge hili siku mbili. Hebu niambie, ulimpa nini?

Mdogo wako

19 Machi

Mdogo wangu, Bi Kisirani,

Hujambo? Mgongo wako vipi na kuinua ndoo? Mimi mafua yamekwisha, kazi ndiyo haiishi.

Sikumpa kitu. Wala sikuomba. Lakini nisikufiche, nilifurahi. Hapa kazini nimewaonyesha wenzangu wote: simu hii ndiyo inayomlinda mama yangu. Na umeona juzi kilivyofanya kazi! Simu ililia mkononi mwangu, nikakupigia, ukamkuta kweli yuko chini. Namshukuru Mungu hakuumia.

Ila jamani, mtandikie zulia lisiloteleza. Na asivae zile ndala kuukuu.

Dada yako

2 Aprili

Dada,

Hatujambo. Nawe uwe hujambo.

Zulia lipo. Ndala nilizitupa, akazifuata jalalani.

Siku ile nilikuwa uani naanika nguo. Sijabana hata shati la pili, simu yaita, ni wewe: "Mama yuko chini!" Ukiwa huko huko! Nimekimbia nimemkuta amekaa sakafuni anacheka, ameteleza akitafuta miwani. Unajua alisema nini? "Dada yako ameniona." Hakukuona, mama! Aliyekuinua ni mimi!

Tangu hapo ni wewe tu. Muuguzi wa mtaa akija: "Dada yako anajali." Mwenye duka: "Dada yako ana macho ya mbali." Na mimi ninayemkata kucha, ninayemsugua mgongo, ninayejua chai anaitaka ya moto kiasi gani, nimekuwa mtumishi wako. Nakuonea wivu, naam, nimesema. Wivu unanila mpaka nashindwa kula.

Basi jana nimekwenda manispaa. Nimemwambia karani umebadili namba, afute yako aandike yangu. Akaniuliza ya akiba. Nikamwambia ya nini, na mimi nipo? Kwa hiyo usishangae simu yako ikinyamaza.

Mdogo wako

20 Aprili

Mdogo wangu,

Salaam. Mama hajambo? Wewe je?

Umenikata. Kumbe simu inaweza kunyamaza hivi! Nisikilize: wewe unanionea wivu wa mlio wa simu. Mimi nakuonea wivu wa kucha. Nilipoisoma ile barua yako nilikaa chini, maana sikumbuki tena kucha za mama zikoje. Umepata vyote, ukaninyang'anya na hicho kimoja.

Nirudishie. Nakuomba.

Dada yako

30 Mei

Mdogo wangu,

Mbona kimya? Nimekupigia, hupokei. Kisirani gani hiki cha mwezi mzima? Niambie tu mama yu hai.

Dada yako

11 Juni

Dada yangu,

Habari za siku nyingi. Mama yu hai, mzima kuliko mimi. Nisamehe kimya. Naandika nimelala, mguu umefungwa plasta mpaka juu.

Nilikuwa nadeki chumba cha mama, yeye nimemweka kibarazani aote jua. Nikateleza kwenye maji yangu mwenyewe. Nikasikia paja limekwenda, na mkono nimeulalia. Mara simu ikaanza kuita mfukoni mwa aproni. Kidude cha watu kilikuwa hakina kosa: kimehisi mtu kaanguka, kikampigia wa kupigiwa. Na wa kupigiwa ni mimi, niko chini, mkono haufiki! Ikaita, ikakata. Ikaita tena, ikakata. Ingekuwa namba yako ungebonyeza moja. Nililia kwa maumivu na nikacheka kwa hasira.

Mama alinisikia, akaja na mkongojo wake akikokota miguu. Aliponiona akageuka mlangoni akapiga ukelele ambao sikujua bado anao. Fundi baiskeli wa ng'ambo ya barabara aliacha tairi la mteja chini akaja mbio. Ndiye aliyenibeba, na mkewe ndiye anayetupikia mpaka leo.

Hospitali nilishindwa kuvumilia, nikamuuliza mama kwa nini namba yako na si yangu. Akanitazama kama mtu anayeulizwa upuuzi. "Wewe upo. Nikianguka utakuwa umeshanishika. Anayepigiwa simu ni aliye mbali."

Dada, nimefurahi mpaka naona haya. Nikitembea tu, nairudisha namba yako.

Mdogo wako

25 Juni

Mdogo wangu,

Pole, pole sana. Maumivu yanapungua? Unalala? Wape fundi na mkewe salamu zangu, na shukrani nisizojua nizipime vipi.

Namba usiirudishe.

Umeniandikia maneno ya mama ukidhani nami yatanifurahisha. Aliye mbali. Nimeyasoma kazini, nikaingia stoo nikajifungia na mafagio nikalia. Wewe yamekufurahisha, mimi nimelia kwa wivu, na sioni wa kumlaumu, maana mama amesema kweli. Hata ningebonyeza hiyo moja, nisingekushika.

Mtume mtu manispaa. Ya kwanza waandike ya fundi baiskeli, ndiye aliyekuja. Ya pili yako. Kama karatasi yao ina mstari wa tatu, niandike mimi. Kama hauna, mwombe karani auchore kwa mkono.

Dada yako