Twiga Aliyepinduka, na Bahasha Yake

Jumamosi, Machakos. Baridi ya Julai imekaza, vilima vya Iveti havijaonekana tangu asubuhi, na mimi nimejifunga leso mbili kama mgonjwa. Lakini si baridi inayonisumbua.

Ni stempu.

Baba alituachia stempu moja ya enzi za ukoloni. Twiga wake alichapwa kichwa chini, miguu juu, kwa makosa ya mtambo, na wanaojua wanasema zilizoponyoka hivyo hazijai kiganja. Baba aliiweka ndani ya Biblia yake ya Kikamba. Kila Krismasi alitufungulia tuitazame, mikono nyuma. Sijaona kosa zuri kama lile maisha yangu yote.

Ilitoka wapi? Mjomba aliambiwa na Baba kwamba ilitoka kwa mfanyabiashara Mwislamu wa hapa mjini aliyepokea barua za Mombasa. Padri aliambiwa ni ya askari aliyerudi kutoka vitani. Ndugu yangu Kioko aliambiwa iliokotwa tu. Hadithi tatu, na msimulizi tumeshamzika.

Sasa, Baba alikuwa karani wa posta Kangundo. Juzi Kioko aliipeleka stempu kwa mtaalamu Nairobi, akaulizwa bahasha yake iko wapi, maana bahasha ndiyo yenye jina la mpokeaji na muhuri mzima. Hatuna. Mtaalamu akasema waziwazi kwamba karani, hadithi tatu na bahasha iliyopotea vinanuka wizi wa barua za watu. Anataka familia iandike historia ya stempu na kutia sahihi. Kioko akanipigia: "Dada, labda Mzee aliiba kweli."

Nilimkatia simu.

Huyo Baba anayemsema ndiye aliyekuwa akitoka kazini na kupanda vilima kwa miguu kuwapelekea wajane barua zao zilizokaa sana, na kuwasomea kama hawajui kusoma.

Halafu leo asubuhi, nikiloweka nguo kwenye karai, nikakumbuka. Nilikaa chini hapo hapo kwenye sakafu yenye maji.

Nilikuwa na miaka minane. Baba alikuwa ametufundisha kubandua stempu: maji vuguvugu, unasubiri karatasi iachie yenyewe, unaanika juu ya gazeti. Siku hiyo nilikuta bahasha mezani, ina twiga wa ajabu, nikasema nimsaidie. Niliibandua bila kuchana hata jino moja la pembeni. Ile bahasha iliyolowa nikaitia motoni, chini ya sufuria ya muthokoi. Jina lililokuwa juu yake sikulisoma. Nakumbuka wino wa zambarau, basi.

Baba alirudi, akaitazama stempu muda mrefu, akauliza bahasha iko wapi. Nikamwambia. Akasema, "Umeibandua vizuri kuliko mimi." Nilivimba kichwa wiki nzima.

Mchana nimeenda Kangundo kwa Mwaitu, mama yetu, nikamweleza yote. Alikuwa anachambua maharagwe na hakuinua kichwa.

"Siku hiyo hakula," akasema. "Alijua umechoma nini. Akanikataza nisikuambie. Akasema watu wakiuliza bahasha, yeye atatafuta la kusema."

Kumbe.

Nilimuuliza barua yenyewe ilikuwa ya nani. Hajui. Alimuuliza Baba mara moja, Baba akacheka tu, na yeye akaacha.

Kwa hiyo siwezi kuapa kwamba haikuibwa. Moyo wangu unakataa kabisa, lakini ushahidi niliuchoma mwenyewe, na nimechoka kujidanganya. Ninachojua ni kwamba mwanamume aliyeipenda ile stempu kuliko kitu chochote alichokuwa nacho aliona imepoteza nusu ya thamani yake kwa mkono wa mtoto, akamsifu mtoto. Mimi, wanangu wakivunja kikombe tu, jirani anasikia ninavyofoka.

Jioni nimeandika ile karatasi ya mtaalamu. Historia ya stempu hii haijulikani kwa sababu bahasha yake niliichoma mimi, binti yake, nikiwa na miaka minane. Nikatia sahihi. Kioko anasema nimeiua stempu, sasa hakuna atakayeigusa. Sawa, isiguswe.

Baba alikubali kuonekana muongo mpaka akaingia kaburini ili mimi nisijue nilichofanya, na hata pole sikuwahi kumwambia.