Diski za Boksi Ulilolileta

Kaloleni, Nairobi
Jumatano, 13 Oktoba 1999

Kwa kaka yangu Kimeu,

Nakusalimu wewe, shemeji na watoto. Natumaini kikohozi cha mdogo kimepungua tangu mfike huko nyumbani Wote, maana vumbi la huku lilikuwa likimsumbua sana. Mama naye vipi, goti linamruhusu kufika kanisani? Msalimie, lakini barua hii usimsomee. Akikuuliza nimeandika nini, mwambie niko salama. Utakuwa umemdanganya kidogo tu.

Mimi naamka, nakula, naenda kazini. Nimeianza barua hii mara kadhaa, na kila mara adabu ilinishika mpaka nikajikuta nakuuliza habari za mbuzi. Leo sitauliza habari za mbuzi. Wewe ni mkubwa wangu na sijawahi kukupandishia sauti, lakini nina hasira nawe ambayo sijui niiweke wapi, basi naiweka hapa.

Unakumbuka mvua ya El Nino ilivyoingia ofisini kwetu Mowlem. Wewe mwenyewe ulikunja suruali ukaja kutusaidia kubeba mafaili ya chama chetu cha kununua ardhi yakichuruzika maji. Tulianika ramani za ploti uani, tukaziwekea mawe, na zilipokauka zilikuwa zimeshikana kama chapati zilizolala. Ndipo kamati ikaamua kwamba ramani na mkataba wa kila mwanachama viingizwe kwenye kompyuta, kisha viandikwe kwenye diski za CD, na makaratasi yale yaliyooza yachomwe. Meneja, Bwana Kinyanjui, alinipa mimi kazi hiyo kwa kuwa pale ofisini ni mimi tu niliyesomea kompyuta. Ulinipongeza. Ulisema Baba angekuwa hai angevaa tai siku hiyo.

Diski za kwanza nilizinunua mjini kwa Abdiqadir, na wewe ulikuwapo. Ulinicheka kwa kuwa niliinua moja baada ya nyingine kwenye taa ya duka. Nilikueleza kwa subira, tena mbele ya Abdiqadir, kwamba diski nzuri ina namba ya kiwanda kwenye duara lile jeupe karibu na tundu, na isiyo na namba haina mwenyewe. Nilikueleza kwamba ukiiweka mbele ya taa na kuiona taa kama unaitazama kupitia chai ya rangi, uirudishe. Nilikwambia pia jambo ambalo wengi hawalijui, kwamba maandishi hayakai chini kwenye plastiki nene. Yanakaa juu, chini ya rangi tu, na ndiyo maana diski nzuri hupakwa tabaka gumu upande huo wa juu. Ukikwaruza chini, pengine itasomeka. Ukikwaruza juu, umeua. Wewe ukamwambia Abdiqadir kwamba mdogo wako anakagua diski kama mama mkwe anayekagua meno ya bibi harusi. Tukacheka wote. Kumbe ulikuwa unasikiliza, Kimeu. Ulisikia kila neno.

Diski za Abdiqadir zilipokwisha, Kinyanjui alilalamika kwamba ni ghali, na wewe ukatokea na boksi lako. Uliingia ofisini ukipiga kelele, “Niaje karani! Leta taa yako ya mahakama!” Ulisema umezipata kwa jamaa wa River Road, ni zilezile za kiwanda kilekile, na bei imeshuka. Boksi lilikuwa lile nililolijua, na karatasi zake zilikuwa ndani. Nilichukua za juu nikazikagua, zikawa safi kabisa, na namba zilikuwapo. Nilipotaka kushuka chini zaidi, ulinishika bega mbele ya watu ukasema, “We Muoki, hata mimi utaniweka kwenye taa?” Kila mtu akacheka. Nikaacha. Niliona aibu kumkagua ndugu yangu mbele ya watu.

Huku tunajua jinsi wauza nyanya wanavyopanga debe, nzuri juu na mbovu chini. Tunawatukana kila siku. Wewe uliwatukana pamoja nami.

Sasa nikueleze yaliyofuata, maana ulipopata pesa zako uliondoka na hukurudi kuuliza. Niliandika diski zote polepole, bila kuzikagua tena kwa kuwa zilitoka kwako, nikazisoma tena kwenye mashine nyingine, zikasomeka. Kwa kuwa kompyuta yetu ina nafasi ndogo, kila kundi lililosomeka nililifuta ili lifuatalo lipate mahali. Kisha Bwana Kinyanjui akasema hati isiyo na muhuri wa chama kamati haitaitambua. Nilimwambia diski si karatasi. Akaniuliza kama nimewahi kuona cheti kisicho na muhuri. Nilimwomba basi tupige pale karibu na tundu, pasipo na maandishi. Akasema muhuri haujifichi, upigwe mahali pa wazi uonekane. Nikapiga, kila diski, kwa wino ule mzito wa zambarau. Diski za Abdiqadir zilivumilia. Wino ulikaa juu ya lile tabaka gumu, na mpaka leo unafutika kwa kidole. Diski zako hazina tabaka lolote. Wino ulipenya, ukawa unakula taratibu huku zimesimama kabatini, gizani, kama nilivyofundishwa kuziweka. Nilizitunza kwa uangalifu wote huo zikiwa tayari zinaoza.

Mwezi uliopita alikuja Mama Aoko, yule mjane anayekaanga samaki nyuma ya soko. Alikuta mtu ameanza kuzungushia mabati ploti yake, na bikoni za mpaka zimeng'olewa. Mtu yule alimwambia alete ramani, na kama hana, aende akaangie samaki kwingine. Nilimwambia asijali. Nilimwambia hivyo nikitabasamu, Kimeu. Nikatoa diski yake kwenye kava, na ile ngozi inayong'aa ikabaki imeganda kwenye kava, umbo la muhuri limebanduka zima. Nilipoiinua mbele ya dirisha niliweza kusoma jina la chama chetu kwa mwanga wa jua.

Mama Aoko hakupiga kelele. Aliniuliza tu, “Kijana yangu, karatasi yangu mlichoma mkasema hii sahani itakaa kuliko mimi. Sasa mimi bado niko. Sahani iko wapi?” Nilifungua za wengine mbele yake nikiomba iwe ni hiyo moja tu. Zote za boksi lako ziko hivyo, isipokuwa zile za juu.

Bado nilikutetea moyoni. Nilijiambia ulidanganywa River Road kama mtu mwingine yeyote. Nilikwenda kwa Abdiqadir na diski moja iliyobanduka ili anisaidie kumtafuta jamaa yako. Akaitazama, akaniangalia kwa huruma, akasema alidhani najua. Akasema wewe ulinunua kwake diski nzuri chache, kisha ukamwomba boksi tupu na makava yake, ukimwambia ni ya watoto kuchezea.

Ya watoto kuchezea! Ulikaa chini ukazipanga moja moja, nzuri juu, mbovu chini, ukijua mimi ndiye nitakayezifungua, ukijua pia nitaangalia za juu na kwamba ukinishika bega nitaacha. Mwizi wa barabarani hanijui. Wewe uliniibia kwa kunijua.

Bwana Kinyanjui anaogopa kuulizwa ni nani aliyeagiza makaratasi yachomwe na muhuri upigwe, kwa hiyo ameandika maelezo kwamba mimi nilizianika diski juani kwa uzembe. Anataka nitie sahihi kabla ya mkutano wa wanachama Jumamosi, hapa kwenye ukumbi wa Kaloleni. Nikikataa, anasema ataniitia polisi kwa kuharibu mali ya chama. Anasema kwa upole, akininunulia soda. Naogopa upole wake kuliko makelele. Usiku nasikia gari likipunguza mwendo barabarani nami nakaa kitandani nimeshika viatu.

Lakini sitatia sahihi, na sasa nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu.

Tangu mwanzo nilimwomba Kinyanjui tutengeneze nakala mbili za kila diski, moja ikae mahali pengine. Alikataa, akasema ni ubadhirifu. Nikazitengeneza kwa siri. Nilinunua diski kwa Abdiqadir kwa mshahara wangu, na kabla ya kufuta kila kundi niliandika nakala ya pili nikaibeba nyumbani ndani ya Biblia. Ziko hapa chini ya kitanda, zimesimama kwenye debe la biskuti, nimezifunika kwa kile kitambaa cha maua alichofuma Mama. Jana nilizijaribu kwenye kompyuta ya chuo nilikosomea. Ya Mama Aoko inasomeka, bikoni zote zinaonekana, na jina lake limeandikwa wazi. Jumamosi nitalibeba debe hilo hadi ukumbini. Najua watasema nimeiba kumbukumbu za chama, na kwa sheria ya ofisi ni kweli niliziondoa bila ruhusa. Pengine nitalala ndani, kwa polisi. Nimemwambia jirani anipelekee sweta.

Karibu wanachama wote wamo kwenye debe. Wasiokuwamo ni wachache mno.

Ploti ya Baba haimo.

Niliona aibu kuanza na ya kwetu, karani anayejihudumia kwanza. Nikaiweka mwisho. Nilipoikaribia, diski zangu nzuri zikawa zimekwisha, na mshahara ulikuwa bado. Kompyuta ilikuwa imejaa na Kinyanjui ananisukuma nifute. Nikajiambia haina haraka, ile ya Baba imo kwenye boksi alilolileta kaka kwa mkono wake. Nikafuta. Ramani yake, mkataba wake, na ile sahihi yenye mkia mrefu aliyokuwa akijivunia tangu siku za kazi yake ya reli. Mahali unapotaka kujenga, mahali Mama anapopangia pazia kabla ya kuwa na dirisha, sasa ni kadi ya uanachama tu, na kadi haisemi ni ploti ipi.

Kwa hiyo Jumamosi Mama Aoko atatoka ukumbini na ramani yake, na sisi tutatoka mikono mitupu. Njoo. Panda basi Ijumaa, usimame mbele ya wanachama, useme diski zile zilitoka wapi na ulizipangaje. Usipokuja nitasema mimi. Nitalitaja jina lako lote, na la Baba likiwa nyuma yake, na sitalia.

Msalimie shemeji. Wabusu watoto. Ndani ya bahasha hii, ambayo nampa kondakta wa basi la kesho asubuhi, nimekuwekea diski ya Baba, imefungwa kwa pamba isipate mkwaruzo zaidi, kwa mazoea. Iinue juani uone ulichokiuza. Mama naye ataiona ikimeta mkononi mwako na atakuuliza ni kitu gani hicho kizuri. Umjibu wewe.

Ni mimi ndugu yako mdogo,
Muoki