Deo Amerudi Kwenye Usukani

Tindiga,
Kilosa.
15 Juni 2025

Mpendwa kaka Filipo,

Shikamoo. Habari za Sumbawanga, na ile baridi yenu? Goti lako linaendeleaje? Wifi Regina naye kifua kimeshapona? Huku tu wazima, mpunga umekubali, na mimi naandika huku nacheka peke yangu.

Kaka, mwanangu Deo amerudishiwa lori la kikundi chetu cha wakulima.

Nianzie nyuma, maana wewe ulisikia nusu tu. Unaijua desturi tuliyorithi kwa wazee wetu wa mashamba ya mkonge: dereva anayebeba mzigo wa kwanza wa mavuno hunyweshwa kata ya pombe kabla hajawasha gari, ili mzigo ufike salama. Mwaka jana komoni niliipika mimi, na kata nilimpa mimi, tena nikamwongezea ya pili. Alipofika Mikumi trafiki wakampulizisha kipimo cha ulevi. Hakugonga mtu, lakini kipimo hakikumhurumia.

Mahakamani alikiri kosa. Hakimu akampiga faini, akishindwa ni jela, na leseni akamfungia mwaka mzima. Nilitaka kusimama niseme pombe ni yangu. Deo akanishika mkono.

"Mama, kata ulinipa wewe, lakini usukani niliushika mwenyewe."

Nililia njia nzima hadi nyumbani.

Faini ililipwa siku ileile ikaisha. Kilichomtafuna ni mengine. Kikundi kilimnyang'anya ufunguo, na kila alikoomba kazi waliuliza habari za kesi, wakamwambia watampigia. Hakuna aliyepiga. Mwisho akaomba kupakia magunia kwenye lori lilelile alilokuwa akiliendesha, Samweli akiwa ndiye dereva. Watu walimtania mpaka wakachoka wenyewe. Yeye alibeba tu.

Mwezi uliopita leseni ilipofunguliwa, kikundi kiliitisha mkutano. Baadhi walisema aliyehukumiwa asiguse ufunguo tena. Hapo nikasimama, mimi nisiyefungua mdomo mkutanoni. Nikawaambia kwamba wote pale tulimpigia vigelegele alipokuwa anakunywa, na kwamba kuanzia sasa dereva hataionja komoni yangu mpaka arudi salama na lori limezimwa. Asiyetaka akapike yake. Mwenyekiti wetu, mzee Yassin, ambaye hajawahi kugusa pombe maishani, alicheka mpaka kofia ikamdondoka. Mikono iliyonyooshwa upande wetu ilikuwa mingi, hakuna aliyejisumbua kuhesabu.

Juzi Deo alipakia mzigo wa kwanza. Alikunywa chai ya rangi mbele ya watu wote, akawasha lori, akaondoka. Nilipiga vigelegele mpaka sauti ikanikauka. Usiniambie nina majivuno, kaka. Ninayo, na nimeyatolea jasho.

Wifi Regina mpe salamu zangu nyingi, pamoja na watoto, Agatha na Godfrey. Mungu awafunike kwa mkono wake, na goti hilo alitie nguvu, kwa sababu safari unayo.

Najua uliapa hutapanda tena gari linaloendeshwa na Deo. Mwezi ujao ukija, shuka Mikumi. Atakayekuja kukupokea ni yeye. Sikuombi ruhusa, nakuarifu tu.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda hata ukinuna,

Hildegarda