Chokaa ya Kaburi la Bibi

3 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Hujambo wewe, na goti lako je? Sisi tunapumua, na siku hizi hiyo ndiyo afya.

Wale wenye bunduki wamerudi. Wanasema kuomba kaburini ni uchafu, watayavunja yote. Jana walianza kuuvunja kwa nyundo mlango wa kaburi la Bibi, ambako wanawake wa mtaa huu wanaomba tangu mji haujawa mji. Mama, mshika ufunguo, alipowazuia, wakampiga kitako cha bunduki mdomoni, meno yakamtoka. Leo asubuhi kaenda kufungua kama kawaida. Wanawake wakaja, kila mmoja akapaka ukuta chokaa kwa mkono kabla ya kuomba, vilevile ulivyowaacha.

Mwandikie afunge. Wewe kaka yake atakusikia.

Mpwa wako

19 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Goti halijambo, linatangulia kujua mvua.

Miaka yote hii ugenini, naweza kulichora kaburi lile nikiwa nimefumba macho: mlango mfupi unaokulazimisha kuinama, ukuta ulionenepa kwa chokaa ya mikono mpaka pembe zikapotea. Nalipenda kuliko nyumba niliyozaliwa. Lakini dada ninaye mmoja tu. Fungeni. Jiwe laweza kusubiri. Fuvu la mtu haliwezi.

Mjomba wako

11 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Kaa kitako kabla hujaendelea kusoma.

Mama aliicheka barua yako. "Kaka anadhani ni kabati la vyombo, unafunga unaondoka!" Lakini alifunga, kwa ajili yako. Mvua ikapasua ukuta usiopakwa. Kisha wale watu wakaanza kung'oa mawe wajengee kizuizi chao barabarani. "Si mmeliacha wenyewe?" wakatuambia.

Mama akafungua, akaingia na ndoo yake. Mtoto wa mshonaji, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, aliyejiunga nao, akampiga Mama nyundo kichwani akiwa anapaka. Wakauangusha ukuta juu yake. Tulimfukua kwa mikono, mweupe wa chokaa, isipokuwa palipokuwa pekundu.

Tumemzika palepale.

Mpwa wako

2 Mei

Mpwa wangu,

Salamu zimenikauka. Niambie neno moja tu: kuna mtu anaingia pale?

Mjomba wako

20 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Wanaingia. Paa hakuna, ukuta unanifika kiunoni. Wale wakipita wanatufyatulia risasi. Fundi baiskeli wamempiga ya paja, naye karudi na mkongojo kutuchanganyia udongo.

Jumatatu alikuja mshonaji, mama wa muuaji. Wanawake wakaokota mawe.

"Nipigeni kwanza," akasema, "kisha mnipe chokaa."

Nilimpiga mimi. Ngumi, si kofi, nilitaka asiinuke. Akatema damu, akainuka, akanyoosha mkono.

Nikampa ndoo. Sijamsamehe, Mjomba, na usiniandikie nimsamehe. Ila chokaa ilikuwa inakauka, na ukuta ulikuwa bado.

Mpwa wako