Sauti ya Nyuma ya Goli

Makame,

Nina miaka sabini na nne. Nshazika wake wawili, kaka zangu wote, na kila kocha aliyewahi kunambia kuwa mimi sijui mpira. Hao makocha sikuwalilia. Sasa nimekuzika na wewe, kipa wangu, mdogo kwangu kwa miaka ishirini na ushei, na bega nililotilia mchanga bado linaniuma.

Barua hii naiandika mwenyewe. Wajua mie kusoma nimesomea ukubwani, hati yangu kama kuku kapita. Lakini haya sikuweza kumpa mtu aniandikie.

Kwanza habari. Arobaini yako imepita, watu walijaa mpaka barazani kwa jirani. Uwanjani kwetu Jang'ombe wametia milingoti ya chuma. Na amekuja kocha kijana, ana makaratasi yake, anawaambia makipa wafumbe macho, wavute pumzi, akili ikae pahala pamoja. Ati saikolojia. Nikamwambia, "Mwanangu, hayo mie nimeyafanya kwa kifuniko cha sufuria, wewe hujazaliwa." Akanambia, "Shikamoo, mzee," akageukia watu wake. Zamani ningembishia mpaka magharibi. Safari hii nilikwenda kukaa. Nimechoka, Makame.

Lakini nani kisiwa hiki aliyemtuliza kipa akili kama mie? Sema mwenyewe. Ulikuja kwangu na mikono mizuri na adabu nyingi mno. Mama yako alikulea ukiitwa uitikie, usipoitikia kofi. Mechi yako ya kwanza mshabiki wa wale mahasimu akakaa nyuma ya goli, akaita kwa sauti ya mtu mzima, "Makame!" Nawe ukageuka, "Naam!" Mpira ukapita chini ya kwapa. Uwanja mzima ulicheka. Mwezi mzima mtaani ukiitwa Kipa Naam.

Nikakutibu. Kila siku baada ya alasiri nasimama nyuma ya goli na kifuniko changu, napiga, naita. Makame, nyumba inaungua! Makame, mkeo kajifungua! Ukigeuka, mbio kuzunguka uwanja. Nikakwambia tazama mshono wa mpira tu, duniani hakuna kitu kingine. Mwisho nikamleta mama yako mwenyewe. Akasimama pale na buibui lake, anacheka, anaita, "Makame mwanangu, njoo mama anakwita!" Hukutikisa hata sikio. Akanambia, "Haya, mshanifanyia mwanangu kiziwi." Nilijiona mfalme siku ile.

Basi sasa nifike pale ninapopaogopa.

Ile fainali. Dakika zimekwisha, hakuna bao, refa anapanga penati. Shemegi yako Vuai akaja mbio pale benchi, jasho linamtoka, viatu mkononi. Akanambia, "Mama mkwe kaanguka jikoni. Ana roho bado, anamtaja Makame tu. Mwambie." Wewe ulikuwa hatua thelathini kutoka kwangu, unavaa glavu. Kipa wa akiba alikuwa kando yangu, keshavaa, yuko tayari. Neno moja tu, ungeondoka, ungemkuta.

Sikulisema.

Nilimwambia Vuai, "Nshamwambia. Kasema anamaliza kwanza penati zake."

Nilisema vile, Makame. Kwa mdomo wangu huu. Vuai alinitazama, hakuamini, akakimbilia nyuma ya goli, akakuita mwenyewe, "Makame, mama anakwita!" Maneno yale yale. Nawe ukatazama mshono wa mpira. Ukaokoa mbili. Watu wakakubeba, wakanibeba na mie, na nikakubali kubebwa, Mungu anisamehe.

Ulipofika nyumbani walikuwa wameshamfunga kidevu.

Baadaye ulinijia ukanambia, "Kocha, nilimsikia Vuai. Nikadhani mmemtuma nyinyi, mazoezi yenu." Ulilia. Ukayalaumu masikio yako miaka kumi na sita. Dada yako na Vuai walipokuwa hawakai nawe sinia moja, ukadhani ni kwa sababu hukugeuka. Kumbe wao waliamini kuwa uliambiwa, ukachagua mpira. Nani aliyewaaminisha? Mie. Na kila Idi nilikuona unakwenda kwao na halua yako, unarudi mapema, nikanyamaza. Nilikuwa nasimulia penati zile vibarazani. Zile mbili, nikisema ni zangu.

Siku ya mazishi Vuai alikuja, akasimama nje ya uzio, hakutia mchanga. Hapo ndipo nilipoamua kusema.

Sitaki kukudanganya kuwa najuta kukufundisha. Ulikuwa kipa kuliko wote, na aliyekufanya ni mie, hilo hata malaika wakiniuliza nitasema. Lakini kumfundisha mtu asisikie ni kazi moja, na kumficha linalomhusu ni nyingine. Nilizichanganya kwa sababu nilitaka kombe.

Ijumaa hii nikishasali nakwenda kwa dada yako. Miguu haitaki, nitakwenda. Nitakaa chini ukumbini, nitamwambia yeye na mumewe kuwa hukuambiwa kitu. Wakinifukuza, nitarudi Jumamosi. Kisha nitamwomba Vuai twende sote kaburini kwako, aje akutilie huo mchanga wake.

Lala, Makame. Mikono yako ilifanya kazi nzuri, na masikio yako hayana kosa.

Vuai akisema mzee huyu kashaanza kuweweseka, shahidi ninaye. Ni Saleh, yule kipa wa akiba, siku hizi anauza misumari na rangi Darajani. Alikuwa anakaza kamba za viatu kando yangu, alinisikia neno kwa neno. Jana nilimfuata dukani. Nikamwambia, "Saleh, wakikuuliza, usinifichie." Akasema hatanifichia.