Saga ya Kanduyi Tumeing'oa, Mama

Mama,

Tangu tukuzike, kishamba chako nyuma ya nyumba hapa Kanduyi hakijapumzika. Saga, ile mboga yako ya majani, imejaa mpaka kwenye ua. Majirani wanasema ati ni wewe bado unaipalilia, nami nawaachia maneno yao.

Unajua kazi yangu kule Kitale ni kupima udongo wa wakulima. Ulikuwa ukinicheka: "Si udongo ni udongo tu, Nafula?" Basi nilipokuja mvua zikianza, nilimkuta mdogo wangu Nekesa ana mimba kubwa, anakula saga yako asubuhi na jioni. Ati ikiwa mdomoni anakusikia karibu. Nilifurahi. Halafu nikakumbuka ule udongo mweusi uliokuwa ukibeba kwa karai kutoka mtaroni, chini ya vibanda vya mafundi wa betri za magari. Kila msimu uliumwagia mboga, ukiusifu: "Huu umeshiba." Mama, wewe nawe!

Nilichota udongo wa kishamba hapa na pale, nikachanganya kwenye ndoo, nikachuma na majani, nikapeleka maabara. Madini ya risasi, yale ya ndani ya betri, yalikuwa yamezidi kwenye udongo na kwenye majani. Mtu mzima anayekula mara mojamoja ningemwambia apunguze. Lakini Nekesa anakula kila siku, na risasi hupita kwa mama ikafika kwa mtoto, ikaharibu ubongo wake kabla hajazaliwa. Niliogopa, Mama. Niliogopa sana.

Nekesa alinikasirikia. "Unataka kumzika mama mara ya pili?" Nilienda nikaanza kung'oa peke yangu huku nikilia. Baadaye akaja ameshika kiuno, nikamkataza kugusa udongo, akasimama pale mpaka nikamaliza. Hata ng'ombe hatukuwapa. Kliniki wamemtoa damu wakapime, bado tunangoja.

Senge, dada yake baba, angali anapanda mbegu uliyompa, kule Saboti. Udongo wake nimeupima, ni safi. Jumapili nilimletea Nekesa fungu moja. Alitafuna polepole, akasema, "Ni yenyewe," kisha akaniomba nimwongezee.

Pumzika sasa, Mama. Mtoto akija tutamwonyesha kaburi lako, na mboga yako ataila. Nakuahidi, kila udongo utakaomlisha, nitaupima mimi kwanza.

Binti yako,
Nafula