Bawa la Kulia la Ndege ya Baba

Mwaka umetimia, Baba yetu Habil Wangila, tangu utuage pale hospitalini Kitale, na ghalani kwako hapa Saboti bado kunanukia rangi na oili.

Ulizaliwa Bokoli, ukawa fundi wa ndege jeshini, na ulipostaafu watu walitarajia ulete ng'ombe. Ulileta ndege. Tena kuukuu, ndogo, ya viti viwili, mabawa yake ya kitambaa, moja ya zile ambazo majeshi ya zamani yalizitumia kumchungulia adui kutoka juu. Ulituambia zilizobaki ni chache, na nyingi zimetundikwa darini kwenye makumbusho ya ng'ambo. Yako ililala na mahindi, na kuku wakataga kwenye kiti cha nyuma. Hukuwafukuza. Ulikuwa na huruma hata kwa kuku, Baba, nasi tulikucheka sana.

Mama ni fundi wa nguo, kwa hivyo kazi ya mabawa ulimpa yeye. Alishona la kushoto, ukalipaka dawa ya kulikaza. Kila asubuhi kabla ya chai uliligonga kwa vidole, na likilia kama ngoma ulitabasamu. Ulimwahidi kwamba ndege ikikamilika utamketisha kiti cha nyuma. Akakujibu, "Ati nipande shuka nimeshona mwenyewe? Panda wewe, bana!"

Ulituacha bawa la kulia likiwa mifupa mitupu.

Siku ya kugawana vitu vyako, koti lilipata mtu, baiskeli pia ikapata mtu. Ndege haikupata. Ndugu yako Wanjala alisema, "Shemeji, si hii ni vyuma tu? Tuite watu wa skrapu, ghala lipate nafasi." Mama akasema, "Nipeni mwaka. Kama bado itakuwa na bawa moja, mkatekate." Tulidhani ni uchungu tu unaosema.

Alishona kila jioni akitoka kazini, binti yako Dinah akipaka dawa jinsi ulivyomfundisha. Mara ya kwanza kitambaa kililegea kama neti ya mbu. Mama alikifumua chote, akaanza upya.

Juzi aligonga bawa la kushoto, kisha la kulia. Yakalia sawasawa. Baba mdogo Wanjala, aliyekuwa mlangoni, alivua kofia, halafu akaanza kuhamishia magunia ya mahindi kwake, ndege ipate nafasi. Mama akawaondoa kuku, akapanda kiti cha nyuma, mkoba mapajani, akafunga mkanda.

"Haya, Baba Dinah," akasema. "Niko tayari."

Tulilia sote, Baba. Tumekukosa sana.

Unakumbukwa na mkeo Phelista, wanao Dinah na Wanyonyi, mjukuu wako Ivy, ndugu yako Wanjala, na jamaa wote wa Bokoli na Chwele.

Hututoki moyoni kamwe. Ndege haiuzwi, na kiti cha mbele ni chako.